Nyundo ya Jumapili

Kwetu Cane Hollow, ukimgonga mtu kwenye uwanja wa mbio za magari Jumamosi, Jumapili baada ya kanisa unakwenda nyumbani kwake na nyundo yako. Huitwi wala hutumwi. Unasimama chini ya ngazi za baraza, unasema umekuja kunyoosha ulichokipinda. Mwenyewe akikwambia ingia, yamekwisha. Akikwambia iweke nyundo barazani uende zako, hujasamehewa, na bonde zima litakuwa limejua kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni.

Hata mchungaji wetu, ambaye hakutaka mtu afyeke nyasi siku ya Bwana, aliiruhusu nyundo hiyo. Alisema kumnyooshea jirani gari si kazi, ni toba yenye kelele.

Basi Jumapili ile nilisimama jikoni kwa mama, gauni la kanisani bado mwilini, nyundo ya baba mkononi, na miguu haitaki kwenda.

"Kula kwanza," mama alisema.

"Sina njaa, mama."

"Kula, Nadine. Ukienda kuomba radhi na tumbo tupu utalia, na ukilia watakuonea huruma. Hatutaki huruma ya watu, tunataka radhi yao."

Aliniwekea mkate mdogo wa moto uliopakwa jamu ya matufaha, akasimama hapo hapo mpaka nikaumaliza. Alikuwa amekasirika, lakini jamu aliipaka mpaka kwenye kingo, kama alivyokuwa akinipakia nilipokuwa mdogo. Mambo kama hayo sijayasahau.

Mama yangu, Eula Turpin, hakuupenda mchezo wa mbio hata siku moja. Gari langu lilikuwa Nova kuukuu iliyotelekezwa kwenye malisho nyuma ya nyumba yetu, na kuku wake walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Baba yangu, Garnet, aliniona msimu mzima nimeng'ang'ania uzio wa uwanja nikitazama magari yakizunguka. Siku moja tu alilivuta lile gari kwa trekta mpaka kwenye karakana yake, akaniambia nitoe mayai kwanza.

Majira yote ya baridi tulifanya kazi pamoja. Tuling'oa viti na vioo vya madirisha, tukachomelea mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, tukafunga kiti kimoja na mikanda yake. Baba alikuwa fundi wa matrekta. Magari ya mbio aliyajua kwa kuuliza. Alikwenda kwa kila dereva wa bonde, kofia mkononi, na sikumbuki hata mmoja aliyemficha jambo. Mmoja alitupa mikanda yake ya zamani. Mwingine, ambaye hatukumjua, alipanga matairi manne mlangoni kwetu asubuhi moja ya theluji, akaondoka bila kubisha hodi.

"Nilizaa binti," mama alimwambia baba, "sikuzaa dereva."

"Umezaa vyote viwili kwa uchungu mmoja," baba akamjibu. "Shukuru."

Mwishowe mama alikubali kwa sharti moja. Siku nitakayoharibu gari la mtu, na mwenyewe akaikataa nyundo yangu, Nova inarudi kwa kuku. Hakutaka uadui wa kudumu kwa ajili ya mchezo. Baba aliona ni haki, nami nikaapa.

Kumbe niliapa bila kujua kwamba katika mbio zangu za kwanza kabisa ningemgonga Doyle Hylton.

Na nikisema nilikuwa nikitazama magari pale kwenye uzio, nasema nusu ya ukweli. Kulikuwa na gari moja nililolitazama kuliko mengine, lenye namba arobaini na moja kwa rangi nyeupe, na dereva wake, Doyle huyo huyo, kijana mrefu mkimya ambaye, mbio zikiisha, alivua kofia yake ngumu na kupitisha kiganja kwenye nywele kama mtu aliyeamka sasa hivi. Sikuwahi kusema naye neno. Salamu yangu ya kwanza kwake ilikuwa bampa.

Jumamosi ile alikuwa akiongoza. Zilikuwa mbio zake za kwanza tangu wamzike baba yake masika, na watu jukwaani walikuwa wamesimama kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nyuma ya wote, mahali pa mgeni, nimebandikwa utepe wa njano kwenye bampa ya nyuma ili wanaokuja wajue mbele yao kuna mtu anayejifunza. Nikaona bendera ya buluu inapepea, maana yake mwenye kasi, aliyekwisha kunizidi karibu mzunguko mzima, yuko nyuma yangu. Nikaona pua ya gari lake kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Nikageuza usukani. Kilichofuata ni mlio wa bati, moshi, na namba arobaini na moja imebanwa kati yangu na ukuta.

Yeye alishuka, akaja kwenye gari langu. Alinitazama tu kupitia dirisha, akauliza, "Umeumia?" Nikatikisa kichwa. Akaondoka.

*

Nyumba ya akina Hylton ilikuwa juu kidogo ya zizi lao la ng'ombe wa maziwa. Mama yake Doyle, Opal Hylton, alikuwa barazani anakata maharage mabichi kwenye bakuli. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi. Alinisikia nikija juu ya changarawe na hakuinua macho.

"Habari za mchana, mama Hylton."

"Za mchana."

"Mimi ni Nadine, binti wa Garnet Turpin. Nimekuja kunyoosha nilichokipinda."

"Najua wewe ni nani. Nilikuwa jukwaani."

Alikata harage moja, akakata jingine.

"Iweke hapo barazani," alisema.

Nilipanda ngazi ya kwanza. Akilini nikawaona kuku wa mama wakiingia kwenye Nova mmoja mmoja, bila haraka, kama watu waliorudishiwa nyumba yao. Nilikuwa nimeinama kuiweka nyundo chini niliposikia sauti kutoka mlango wa gereji.

"Mama, mwache apige."

Doyle alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Hakunitazama mimi, alimtazama mama yake.

"Sijasema nawe," mama yake alisema.

"Mlango wa gari ni wangu, mama."

"Mlango ni wako. Ile namba ni ya baba yako." Kisha akanigeukia. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake, na hayakuwa ya ukali kama nilivyodhani. Yalikuwa ya mtu asiyelala. "Unajua ni nani aliyeiandika ile namba, binti?"

"Sijui, mama."

"Harlan aliiandika, mume wangu. Masika haya, gari lilipopakwa rangi upya, aliandika upande wa kushoto kwa brashi, hapo gerejini, akasema mkono umechoka, wa kulia atauandika kesho. Kesho yake hatukuwa naye. Wa kulia ikabidi aandike huyu hapa. Ukuta umekula wa kulia, wewe ukaja kula wa kushoto."

Nilisema, "Pole sana, mama," na ilitoka ndogo.

"Sasa niambie jambo moja, na usinidanganye. Ulikuwa chini, karibu na nyasi, kwenye njia yako, umetulia. Kwa nini ulipanda juu, kuelekea ukutani? Hukuteleza. Nilikuona unageuza usukani."

"Niligeuza, mama."

"Kwa nini?"

"Nilimwona anakuja kwa kasi. Nikasogea kulia ili apite."

"Ukasogea kulia."

"Ndivyo tunavyofanya barabarani, mama. Pale mlima wa Piper, ukiona mwenye haraka nyuma yako, unasogea kulia, ukingoni mwa barabara, unampisha. Baba alinifundisha hivyo. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe."

Mikono yake iliacha kukata maharage. Akamgeukia mwanawe.

"Na wewe ulikwenda juu kufuata nini? Njia yako ya siku zote ni ya chini."

Doyle alijikuna shingo. "Niliuona utepe wa njano. Nikasema huyu ni mgeni, nikimpita kwa chini nitamtia hofu. Nikamwachia chini."

"Ulimwachia chini."

"Ndiyo, mama."

"Naye akakuachia chini."

"Inaonekana hivyo."

"Kwa hiyo ninyi wawili mmegongana kwa kupishana."

Kuku mmoja wa pale kwao alipita chini ya ngazi, akanitazama miguu. Mabega ya Opal Hylton yalianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa analia kidogo, lakini zaidi alikuwa anacheka, kicheko kilichokaa ndani siku nyingi mpaka kikasahau njia ya kutokea.

"Harlan huyo," alisema akijifuta kwa aproni. "Harlan mtupu. Kwenye mlima wa Piper alimpisha kila mtu. Wabeba magogo, wauza maziwa, mbwa. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kufika kanisani kabla ya wimbo wa pili." Alivuta pumzi. "Haya, ingia. Lakini huwezi kupiga bati na gauni la kanisani. Doyle, mpe ovaroli ya baba yako."

"Ovaroli ya baba?"

"Umesikia. Imetundikwa tu pale, haimsaidii mtu."

*

Ovaroli ilikuwa kubwa kwangu kwa kila upande. Mikono ilivuka vidole vyangu ikaning'inia. Doyle alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

"Unacheka."

"Nacheka kwa ndani. Leta mkono."

Alinikunjia mkono wa ovaroli taratibu, pindo juu ya pindo, hakuharakisha na hakunigusa ngozi. Alipomaliza mmoja alisubiri mpaka mimi mwenyewe nikamnyooshea wa pili. Niliona alivyosubiri.

Mlango wa kushoto ulikuwa umeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Namba nne ilikuwa imekunjamana, moja imelala. Kubadilisha bati lote kungekuwa rahisi, lakini namba ingekwenda nalo. Ilibidi tulirudishe kidogo kidogo kutoka ndani, bila kuvunja rangi. Nilijipenyeza kati ya mabomba nikakaa kwenye kiti chake, nikageukia mlango. Yeye alipiga magoti nje, akaegemeza mfuko wa mchanga juu ya namba ili bati lisiruke. Dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo kila nilipoinua macho, uso wake ulikuwa pale.

"Polepole," alisema. "Piga kama unabisha hodi kwa mgonjwa."

Nikapiga.

"Hivyo hivyo. Naisikia mkononi."

"Inauma?"

"Hapana. Endelea."

Tulikwenda hivyo muda mrefu, mimi nabisha ndani, yeye anapokea nje. Bati lilikuwa linarudi kidogo kidogo.

"Jamaa wanasema ulikula karanga garini," alisema baadaye.

"Nani anasema?"

"Wote. Karanga za maganda ni nuksi uwanjani, hujui? Wanasema binti wa Turpin lazima alimenya karanga kwenye kiti."

"Waambie sikula karanga. Kama kuna nuksi ni ya kuku."

"Kuku gani?"

Nikamweleza habari za kuku wa mama, na yai moja tulilolisahau baba na mimi mahali fulani chini ya sakafu. "Nilipokanyaga breki kona ya pili likapasuka. Nimeendesha mbio nzima na harufu ile."

Doyle aliweka paji la uso juu ya mfuko wa mchanga. Alicheka mpaka mlango ukatetemeka mikononi mwangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na nilijisikia kama mtu aliyepewa kitu bila kukiomba.

Alipotulia alisema, bila kuinua kichwa, "Nilikuwa nakuona, pale kwenye uzio."

Nyundo yangu ilisimama.

"Koti la buluu," aliendelea. "Kona ya nne, siku zote kona ya nne. Hata mvua ile iliyofukuza watu wote, wewe ulibaki umejifunika gunia."

"Nilikuwa natazama magari."

"Magari yote?"

"Shikilia mfuko vizuri," nikamwambia, na nikapiga. Lakini masikio yangu yalikuwa ya moto, na nadhani aliyaona, kwa sababu aliinamisha uso kwa adabu akanipa nafasi ya kupoa.

Tulipopumzika alichukua chaki akachora uwanja kwenye sakafu ya gereji, duara refu kama yai, ukuta nje, nyasi ndani. Akachora vigari viwili.

"Huyu ni wewe. Huyu mimi nakuja. Bendera ya buluu inapepea. Unafanya nini?"

"Nakaa chini zaidi?"

"Hapana."

"Napunguza mwendo?"

"Hapana. Hufanyi kitu. Unashika njia ile ile uliyokuwa nayo, mwendo ule ule. Mwenye kasi ndiye anayetafuta pa kupita. Barabarani wema ni kusogea, hapa wema ni kutulia. Nikijua utakuwa wapi, naweza kukupita nimefumba macho."

"Kwa hiyo nisikupishe."

"Usinipishe hata kidogo, Nadine." Ilikuwa mara ya kwanza analitamka jina langu. Alilitamka kama mtu aliyekwisha kulifanyia mazoezi. "Wewe kaa ulipo. Mimi nitajua pa kukukuta."

Nje ng'ombe mmoja aliita, na hatukugeuka.

"Chakula," alisema Opal Hylton.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji. Niliona Doyle alivyoshtuka, na baadaye aliniambia sababu: mama yake hakuwa amekanyaga mle ndani tangu mazishi. Aliingia hatua moja, akaingia nyingine. Alitazama nyundo kwenye vidole vyangu, ovaroli ya mumewe, chaki sakafuni. Kisha akaenda kwenye mlango wa gari.

Namba nne ilikuwa imerudi sawasawa. Moja ilikuwa imesimama, lakini rangi yake ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa nimejitahidi sana na ufa ule haukutaka kufichika.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Hapo nimeshindwa."

Alipitisha kidole juu ya ufa, taratibu, mara mbili.

"Harlan alikuwa na jino lenye ufa kama huu," alisema. "Nilimpenda nalo. Acheni hivyo, msipake kitu." Akazunguka upande wa kulia, ambako Doyle alikwisha kufunga bati jipya tupu. "Na huku, nileteeni lile kopo la rangi baada ya kula. Huku nitaandika mimi."

"Mama, wewe hujawahi kushika brashi," Doyle alisema.

"Na huyu alikuwa hajawahi kuendesha mbio kabla ya jana. Watu wanaanza."

*

Tulikula maharage yale na mkate wa mahindi na nyanya zilizokatwa, chai baridi yenye sukari kwenye chupa za kuhifadhia matunda. Nilikaa mezani na ovaroli. Hakuna aliyeniambia niivue.

"Na yale matairi yalikufaa?" Opal Hylton aliniuliza, akinisogezea siagi.

"Matairi yapi, mama?"

"Yale manne ya Harlan. Alisema binti wa Turpin anajenga gari na hana matairi. Nikamwambia basi yapeleke mchana, uonekane, ukaribishwe hata kahawa. Akasema hapana, baba yake ataona haya. Akaenda alfajiri kwenye theluji, akarudi pua nyekundu kama nyanya hii."

Niliweka uma chini. Nilikuwa nimekimbia mbio zangu za kwanza juu ya matairi ya mtu yule, na kwa matairi yake nikaenda kuipinda namba yake. Nilitaka kusema asante na hapakuwa na wa kumwambia, isipokuwa hawa wawili walionitazama ng'ambo ya meza. Niliwaambia wao. Mama alikuwa amenijaza tumbo ili nisilie, lakini nililia, na hakuna aliyeniona mjinga. Doyle alinipa kitambaa chake. Kilinuka grisi. Nilijifuta nacho hivyo hivyo.

Ilipofika saa ya kukamua nilivua ovaroli, nikaitundika kwenye msumari wake. Opal alinipa sahani ya vitumbua vya matufaha vya kukaanga, ameifunika kwa kitambaa chake cha maua. Nikainua mkono kuchukua nyundo.

"Hiyo iache," alisema. "Mlango bado unataka Jumapili nyingine."

"Hata mbili," Doyle alisema, akitazama dari.

"Wewe nenda kwa ng'ombe," mama yake akamwambia.

Basi nikarudi nyumbani na sahani mkono mmoja na mkono mwingine mtupu. Mama alikuwa uani anawapa kuku mahindi. Aliutazama ule mkono mtupu kwanza, na uso wake ulianguka. Yeye aliyetaka gari lile lirudi kwa kuku, uso wake ulianguka kwa ajili yangu. Hilo nimeliweka pamoja na ile jamu.

"Umeiacha barazani," alisema. "Pole, mwanangu. Garnet, njoo."

"Hapana, mama. Imetundikwa gerejini kwao. Wamesema kazi haijaisha."

"Kazi gani hiyo isiyoisha?"

"Mlango umepinda sana."

Mama alinitazama usoni kwa muda. Baba alikuwa amefika mlangoni, na yeye alichungulia chini ya kitambaa, akachukua kitumbua kimoja, akauma.

"Mlango," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Yule Doyle ndiye mrefu?"

"Ni mrefu kiasi."

"Anaendesha magari, Nadine. Nilitaka umpate mtu wa benki au wa posta. Mtu anayerudi nyumbani na gari lililonyooka." Akamwaga mahindi yote yaliyobaki mara moja, kuku wakapigana. "Mimi nimekaa nikiogopa utapata adui. Kumbe nilikuwa naogopa kitu sicho."

"Mwache, Eula," baba alisema na mdomo umejaa. "Hivi vitu ni vitamu."

"Sijamkataza. Nasema tu." Akakinyoosha kile kitambaa cha maua kwenye kiganja chake, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe. "Hiki ni cha watu. Itabidi kirudi kimefuliwa. Nitakitia wanga."

*

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mbio, walitufungulia uwanja tufanye mazoezi. Jua lilikuwa bado kali juu ya lami. Nilikuwa nimefungwa mikanda ndani ya Nova, nimesafishiwa mayai yote, baba ameinama dirishani ananikumbusha mambo ambayo yote nilikuwa nimeyasahau.

Jukwaani, safu ya chini, mama yangu alikuwa amekaa na mkoba magotini kama mtu anayesubiri daktari. Kando yake alikaa Opal Hylton. Walikuwa wamegawana kitambaa kimoja cha maua, na juu yake kulikuwa na kitu cha kula.

Namba arobaini na moja ilipita mbele yangu polepole na kusimama. Upande wa kulia, namba ya Opal ilikuwa imepinda kidogo kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza, na hapakuwa na namba nzuri kuliko hiyo uwanja mzima. Halafu niliona bampa yake ya nyuma. Alikuwa ameibandika utepe wa njano.

Madereva wengine nao waliuona.

"Doyle, umerudishwa shule?" mmoja aliita.

"Nani kakwambia wewe ni mgeni? Au ukuta umekusahaulisha kuendesha?"

Alitoa kichwa dirishani. Hakuwajibu wao. Aligeuka nyuma, akaniambia mimi, na kwa mtu mkimya alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani.

"Kuna mtu atanifuata, nataka anione vizuri. Nadine, njia ninayoshika mimi, ishike. Usinipite, usinipishe. Tutakwenda taratibu mpaka uizoee."

Bendera ya kijani ikapepea. Nikautazama ule utepe wa njano, nikaufuata kona ya kwanza, kona ya pili, chini karibu na nyasi, mkono umetulia. Kila mzunguko aliongeza mwendo kidogo tu, kama alivyonikunjia mkono wa ovaroli, na kila mzunguko nilimkuta pale nilipojua atakuwa. Tulipopita mbele ya jukwaa nilimwona mama yangu amesimama.

Nyundo ya baba sikuirudisha. Jumapili ile nyingine ilifuatwa na nyingine, na mlango ukanyooka, na ikapatikana sababu nyingine, na nyingine. Iko mpaka leo kwenye msumari ule ule, kando ya ovaroli ya Harlan, gerejini kwetu.